Shajara ya mradi: kupanga gredi za skrini za mtumba kwa jicho la mteja

18 Januari 2025: tatizo lenyewe

Naandika hii ili fundi mwingine mwenye duka au karakana ya TV na monita za mtumba aweze kufuata au kuiga. Kila hatua ikiisha naongeza tarehe mpya hapa, na gharama naweka kwa shilingi za Tanzania kama nilivyolipa Kariakoo na mtaani.

Karakana yetu iko Dar. Tunapokea TV na monita used kutoka nje, tunasafisha, tunabadilisha taa za nyuma zikiwa zimechoka, afu tunauza zikiwa na lebo ya A, B au C. Lebo ilikuwa inatolewa na yeyote aliye zamu, anawasha, anaangalia, anaandika. Sasa kilichokuwa kinatokea ni kwamba TV ya gredi A inarudi baada ya wiki na ile ya gredi C mteja yuko nayo nyumbani ana furaha kabisa na wala hajui kasoro yake iko wapi. Mama mmoja alirudisha TV ya inchi 32 ambayo sisi tulikuwa tunaiona safi, akaniambia, "Mwanangu, hii TV mpira ukipita hapa katikati uwanja unachafuka." Tukaiwasha, tukaweka rangi nyeupe, tukaangalia wote pale dukani, hamna aliyeona kitu. Na mama hakuwa anadanganya, nitaeleza mbele.

Kwa hiyo lengo ni kutengeneza kibanda cha kupimia ambacho kitatoa gredi kufuatana na kile jicho la mtu linachoona akiwa amekaa sebuleni kwake. Sio kile kinachoonekana ukibandika pua kwenye kioo, na sio kile kamera inachonasa.

Kasoro tunazokutana nazo: pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) zilizokufa zikabaki nyeusi, pikseli zilizogoma kuzima (vidoti vyeupe au vya rangi), mistari wima na mlalo, mabaka na mawingu ambayo viwandani wanaita mura, mwanga unaovuja kwenye kona, vidoti vikubwa vyeupe pale lenzi ya taa ya nyuma imedondoka, na upande mmoja kuwa wa njano au bluu kuliko mwingine. Kioo kilichopasuka hakihitaji mradi.

1 Februari: kuhesabu vidoti, imefeli

Tulianza na njia rahisi ya kuhesabu. Kuna kiwango cha kimataifa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241. Kinagawa vidoti mafungu: vinavyowaka muda wote, vilivyo vyeusi muda wote, na vile ambavyo kimegoma kipande kimoja tu cha rangi. Daraja la pili, ambalo monita nyingi ziliuzwa nalo, linaruhusu vya kuwaka 2, vyeusi 2 na vipande vya rangi 5 kwa kila pikseli milioni moja. Skrini ya Full HD ina pikseli 2,073,600, kwa hiyo hapo unaruhusiwa vya kuwaka kama 4, vyeusi 4 na vipande 10, na bado kioo kinahesabika kizima.

Kama mkataba kati ya kiwanda na mnunuzi wa jumla ni sawa kabisa, kila mtu anaweza kuhesabu na hakuna ugomvi. Kwa gredi zetu haikutusaidia. Kioo chenye vidoti vyeusi kadhaa kilipita mbele ya wateja bila neno, na kioo chenye kidoti kimoja tu cha kijani kikakataliwa na kila aliyekiona.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza, kwenye TV ya inchi 32 Full HD pikseli moja ina upana wa milimita 0.37 hivi. Mtu mwenye macho mazuri anatenganisha vitu vilivyoachana kama dakika moja ya digrii (sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo ukiwa mita 2 ni milimita 0.58. Ina maana kidoti cheusi kwenye picha nyeupe ni kidogo kuliko uwezo wa jicho, mwanga wa majirani zake unamwagikia ndani yake kwenye jicho lenyewe na kinafifia. Kidoti kinachowaka kwenye giza ni habari nyingine, hapo ukubwa sio hoja, ni jumla ya mwanga tu, ndo maana nyota tunaziona japo ni ndogo kupita kiasi kwa macho yetu.

Ya pili ni rangi. Kwenye mwangaza ambao jicho linaupokea kutoka kwenye skrini nyeupe ya kawaida, kijani kinachangia kama asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7 tu. Kipande cha kijani kilichogoma kuzima kina nguvu mara kumi ya kipande cha bluu, lakini kwenye hesabu ya kiwango vyote ni kimoja na kimoja.

Marekebisho: bado tunahesabu ila kwa uzito. Cheusi kina uzito mdogo, cha kuwaka kikubwa, kijani kikubwa zaidi, na eneo la katikati linazidishwa kwa sababu macho muda mwingi yako huko. Pembeni kabisa tunasamehe. Gharama hapa ni muda tu.

22 Februari: kamera na matatizo yake

Mabaka hayahesabiki, inabidi yapimwe, kwa hiyo tukaingia kwenye kamera. Nimenunua used, yenye setingi za mkono na inayotoa faili ghafi, 380,000. Stendi yake 45,000. Kitambaa kizito cheusi cha kuzungushia kibanda 48,000. Simu tulijaribu, haifai, inapanga mwanga yenyewe, inalainisha picha na kuongeza makali bila kukuuliza, mwisho unapima programu ya simu badala ya kioo.

Picha za kwanza zilikuwa na mawimbi ya ajabu ya rangi, kama hariri iliyokunjwa, na tulibishana sana kama ni kioo au ni nini. Ni gridi ya pikseli za kioo inapishana na gridi ya pikseli za kamera. Dawa yake ni kutoa fokasi kidogo mpaka gridi ya kioo ipotee. Ila ukitoa fokasi vidoti navyo vinapotea, kwa hiyo sasa kila kioo kinapigwa kwa namna mbili, picha kali ya vidoti na picha laini ya mabaka.

Afu mistari mlalo iliyokuwa inahama kila picha. Hiyo ni taa za nyuma, ukishusha mwangaza wa TV nyingi hazipunguzi umeme kwa utulivu, zinawaka na kuzima haraka haraka, na kamera inasoma picha mstari kwa mstari kwa hiyo inanasa kuzima kule. Tunapandisha mwangaza wa taa mpaka mwisho na kuacha kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu, sehemu ya tano ya sekunde, mistari inaisha. Taa za karakana zimezimwa zote, maana nazo zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde.

Kilichotusumbua zaidi ni kona. Kila kioo kilitoka kona zina giza, hata kipya cha boksi. Lenzi yoyote inapunguza mwanga pembeni, na kamera ikiwa karibu inaiona kona kwa pembe, na vioo vingi vya LCD vinabadilika ukiviangalia kwa pembe. Tumerudisha kamera nyuma kutoka mita 1.5 mpaka 3, pembe ya kona ikashuka kutoka digrii 15 hadi 8 hivi. Afu tunapiga kioo kikiwa kimesimama kawaida, tunakigeuza juu chini, tunapiga tena. Giza la lenzi linabaki palepale kwenye picha, baka la kioo linahama na kioo, kwa hesabu ndogo unavitenganisha. Hii mbinu ya kugeuza ni bure na imetuokoa kununua vifaa vya bei mbaya, anayeiga asiiruke.

Na kioo kiwake nusu saa kwanza. Taa zikiwa za baridi namba zinacheza.

15 Machi: mashine inaona kila kitu, tatizo jipya

Sasa tuna picha safi, tukaandika programu kwa lugha ya Python na OpenCV, kifurushi cha kuchambua picha, ipime tofauti kati ya sehemu angavu zaidi na yenye giza zaidi, ikizidi kiasi fulani kioo kinaanguka. Vikaanguka karibu vyote. Kwenye vioo tulivyopiga kona inaweza kuwa chini kwa asilimia 20 na zaidi ukilinganisha na katikati na hakuna binadamu aliyelalamika, wakati TV ya yule mama ilikuwa na tofauti ndogo sana, haikufika hata asilimia 3, na programu ikaipa alama nzuri.

Hapa ndo moyo wa mradi mzima ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jicho sio mita ya mwanga. Halipimi mwanga wa sehemu moja, linapima tofauti ya sehemu na jirani yake, na tofauti hiyo lazima itokee ndani ya umbali fulani. Mabadiliko ya polepole sana yanapotea, madogo sana yanapotea pia, katikati ndo kuna kilele. Ukichora mistari ya giza na mwanga inayopishana, kwa mwanga wa kawaida jicho linaishika vizuri zaidi ile yenye mizunguko 3 mpaka 5 kwa kila digrii ya kuona. Mita 2 kutoka kwenye TV digrii moja ni milimita 35, kwa hiyo mistari ya hatari ni ile inayojirudia kila milimita 9 hivi. Baka linaloanza kona moja na kuisha taratibu katikati ya skrini limetandaa digrii kumi na zaidi, jicho linalisamehe.

Na ukingo. Mwanafizikia Ernst Mach alieleza mwaka 1865 kwamba pale mwanga unapobadilika ghafla jicho linaongeza chumvi lenyewe, linaona ukanda mweupe zaidi upande mmoja na mweusi zaidi upande wa pili, ambao kwenye mita ya mwanga haupo. Ndo maana mstari wima mwembamba wenye tofauti ndogo mno unaweza kuonekana, na wingu kubwa lenye tofauti mara nyingi zaidi ya hiyo halionwi.

Viwandani wana fomula. SEMI, jumuiya ya kimataifa ya viwanda vya semikonda, kwenye kiwango chao cha D31 wanasema tofauti ndogo kabisa inayoonekana, kwa asilimia, ni 1.97 gawanya kwa eneo la baka katika milimita za mraba lililopandishwa kwa kipeo cha 0.33, jumlisha 0.72. Ukipiga hesabu, baka la milimita ya mraba 1 linahitaji asilimia 2.7 ili lionekane, la 10 linahitaji 1.6, la 100 linahitaji 1.15, la 1000 linahitaji 0.9. Afu unagawanya tofauti uliyopima kwa hiyo namba, ikizidi 1 linaonekana.

Fomula nzuri na ni rahisi, tumeianza nayo, ila ina mapungufu mawili kwa kazi yetu. Umbali wa mtazamaji haumo, na baka la milimita 10 kwenye monita iliyo sentimita 60 usoni pako sio baka lile lile kwenye TV iliyo ukuta wa pili. Na inahesabu eneo, haijali kama kingo zimekatika au zimeyeyuka.

Njia tuliyoifuata mwisho imetokana na wazo la Andrew Watson, aliyekuwa kituo cha NASA Ames kule California, ambaye na mwenzake Ahumada walichapisha mwaka 2005 kielelezo rahisi cha jinsi jicho linavyogundua tofauti ndogo. Unachukua picha, unaipitisha kwenye kichujio kinachopunguza yale ambayo jicho halishiki na kubakiza yale linaloshika kwa umbali husika, afu unajumlisha kilichobaki. Sisi tumefanya toleo dogo: picha ileile unailainisha kidogo, unailainisha tena sana, unatoa moja kwa nyingine, kinachobaki ni vile vya ukubwa wa kati. Viwango vya kulainisha vinatokana na umbali wa kukaa, TV mita 2, monita sentimita 60. Kasoro ya TV ya mama ikajitokeza! Mistari wima myembamba katikati, karibu kabisa na kile kipimo cha milimita 9, ambayo kwa macho dukani hatukuiona.

12 Aprili: kuwapima watu

Kichujio kinahitaji kujua mpaka uko wapi, yaani kiasi gani mtu wa kawaida anaona. Tukachukua kioo kisafi cha inchi 32, tukatengeneza mabaka bandia kwenye rangi ya kijivu, tukakaribisha mafundi, wateja na majirani. Soda na nauli zimekula 85,000 mpaka sasa.

Kilichofeli kwanza ni swali lenyewe. Tulikuwa tunauliza "unaona doa?" na kila mtu anajibu naliona, mpaka tulipoweka kijivu kitupu kisicho na kitu na wakaendelea kuona madoa. Sio uongo, mtu ukimwambia kuna kasoro jicho lake linaitafuta na linaipata. Dawa tuliyotumia inajulikana na wapimaji wa hisia za binadamu siku nyingi: unaonyesha picha mbili mfululizo, moja ina baka nyingine haina, na mtu lazima achague ya kwanza au ya pili hata kama anahisi hajaona. Anayebahatisha atapata nusu, anayeona kweli atapata zote, na mpaka tumeuweka pale anapopatia mara tatu kwenye nne.

Kilichofeli cha pili ni cha kiufundi na kilitupotezea muda mwingi, kwa hiyo someni vizuri. Picha ya kawaida ya kompyuta ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Kwenye kijivu cha katikati, ngazi ya 128, ukipanda ngazi moja tu mwangaza unaongezeka kama asilimia 1.7. Hiyo tayari imezidi mpaka wa kuonekana kwa baka la milimita za mraba 100! Kwa hiyo huwezi kutengeneza baka hafifu, hatua ndogo kabisa uliyonayo inaonekana, na baka lililotakiwa kuyeyuka taratibu linatoka na ngazi ngazi zenye kingo, na kingo ndo jicho linazipenda. Majibu yetu yote ya mwanzo yalikuwa ya kingo, sio ya mabaka, tumeyafuta.

Suluhisho: piga hesabu ya baka kwa namba zenye desimali, kabla ya kuzikata kuwa ngazi ongeza chenga za nasibu zenye ukubwa wa ngazi moja. Wastani wa eneo unatoka sahihi na chenga zenyewe ni za pikseli moja moja, ukiwa mita 2 jicho haliziungi. Mistari michache ya msimbo, bei sifuri.

Jambo lingine tuliloliona, wale waliokuwa wanatulia na kukodoa macho sehemu moja ndo waliokuwa wanakosa mabaka laini. Daktari wa Uswisi anayeitwa Troxler aliliandika hili tangu 1804, kitu chenye kingo laini kikiwa pembeni na jicho limetulia, baada ya sekunde chache kinafutika. Dogo wetu wa karakana alikuwa anapata zaidi ya wote, nikadhani ni umri, maana vijana kweli wanaona tofauti ndogo vizuri kuliko wazee, ila yeye pia alikuwa anayumbisha kichwa kushoto na kulia muda wote. Tukawaambia wengine wafanye hivyo na wakapanda. Sasa ni sheria ya karakana, mkaguzi hasimami kama nguzo, anatembeza macho na kichwa.

3 Mei: mpira

Rudi kwa yule mama. Kwenye nyeupe na kijivu iliyotulia mistari yake watu wengi waliikosa, kwenye mpira wakaiona karibu wote. Kamera ya uwanjani inapofuata mpira, nyasi zote zinahama kwenda upande mmoja na macho yako yanahama nazo, lakini kasoro ya kioo haihami. Kitu kimoja kisichotembea kati ya vyote vinavyotembea kinajitenga chenyewe, na kwa kuwa macho yanatembea kule kufutika alikoandika Troxler hakupati nafasi. Nyasi nazo ni eneo kubwa la rangi moja lisilo na vitu vingi vya kuficha. Tamthilia yenye sura za watu, makochi na mapazia inaficha mabaka yaleyale vizuri sana.

Tumetengeneza video yetu: kijani chenye mikanda hafifu ya nyasi zilizokatwa, inahama kwa kasi ya kamera ya uwanjani, na duara jeupe la kufuata kwa macho. Kasi ikiwa ndogo sana haifanyi kazi, ikiwa kubwa sana LCD yenyewe inaburuza ukungu na kufunika kasoro, inabidi ujaribu jaribu mpaka uipate ya katikati. Kila TV sasa inapita kwenye video hii kabla ya lebo. Monita za ofisini tunaziweka nyeupe na kijivu hafifu, kwa sababu mtu wa ofisi anashinda kwenye karatasi nyeupe.

24 Mei: mwanga wa dukani na giza la nyumbani

Mwanga unaovuja kwenye kona ulitutesa kwa sababu dukani haupo na nyumbani upo. Hesabu ni hii. Chukua kioo ambacho nyeusi yake ni kandela (kipimo cha mwanga) 0.1 kwa mita ya mraba na kona inayovuja ni 0.3. Gizani kona ni mara tatu ya jirani yake, kila mtu anaiona. Mchana, mlango uko wazi na kioo kinarudisha kandela 5 za mwanga wa nje, sasa ni 5.1 kwa 5.3, tofauti ya asilimia 4, na kwa kuwa uvujaji wenyewe ni laini hauonekani.

Kwa hiyo gredi ya uvujaji inatolewa ndani ya kitambaa cheusi peke yake, na macho yapewe dakika kadhaa kuzoea giza kwanza, sio unaingia kutoka juani unaangalia unatoka. Tumeongeza taa ndogo ya ukutani yenye swichi ya kupunguza mwanga, 22,000, ili kupata pia hali ya sebule ya usiku, kwa sababu giza totoro ni wachache wanaotazama nalo.

14 Juni: lenzi, gundi na rangi

Kipimo kimeanza kubadilisha hata namna tunavyotengeneza. TV nyingi za bei nafuu zina taa za LED nyuma ya kioo na kila taa ina kofia ya lenzi ya kutawanya mwanga. Gundi ikichoka kofia inadondoka na unapata kidoti kikubwa cheupe, kingo kali, ukubwa ambao jicho linaushika vibaya sana. Fundi wa haraka anarudishia kwa supaglue. Tulipima TV za namna hiyo: kidoti cheupe kimeondoka lakini kimezaliwa kiduara cha giza, maana mvuke wa supaglue unaganda mweupe juu ya lenzi na kuitia ukungu. Tumehamia gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili, 12,000, tone dogo chini ya kila mguu wa lenzi na kuacha usiku mzima. Lenzi ikikaa pembeni hata kidogo ya katikati ya taa, doa linaegemea upande mmoja, kwa hiyo usiharakishe.

Karatasi nyeupe za kusambaza mwanga zilizo nyuma ya kioo zinashikwa kwa glavu, 15,000 boksi, na vumbi linapulizwa kwa pampu ya mkono, 8,000. Tambaa linaacha mikwaruzo na umeme tuli unaovuta vumbi zaidi, tumeacha kabisa kulitumia.

Rangi ina tabia tofauti na mwanga. Kwa mwanga jicho linasamehe mabadiliko mapana ya polepole, kwa rangi halisamehi, linaona vizuri zaidi yale mapana na linakosa yale madogo. Nusu ya skrini ikiwa ya njano kidogo kuliko nyingine mteja anaona papo hapo. Na hivyo ndivyo inavyotokea ukibadilisha ukanda mmoja wa taa ulioungua na kuacha mingine mizee, kila mmoja una weupe wake. Sasa tunabadilisha seti nzima, kwa inchi 32 ni 25,000 hadi 35,000. Inauma kutupa kanda zinazowaka ila TV tulizobadilisha ukanda mmoja tu ndo zilikuwa zinarudi.

5 Julai: gredi mpya zinavyotolewa

Utaratibu wa sasa: kioo kiwake nusu saa, picha kali ya vidoti, picha laini kwenye kijivu ikiwa wima na ikiwa imegeuzwa, nyeusi gizani, video ya nyasi kwa TV, afu programu inatoa alama na mtu mmoja anathibitisha kwa macho yanayotembea. A ni pale ambapo mtu wa kawaida akiwa umbali wake wa kawaida haoni kitu. B anaona akitafuta. C anaona bila kutafuta.

Gharama yote bila taa za TV zenyewe imefika 615,000.

Tulibishana sana kuhusu kumwonyesha mteja. Wakati wa kupima hatumwonyeshi mtu doa lilipo, maana ukishamwonyesha hawezi tena kuacha kuliona na kipimo kimeharibika. Wengine wakasema basi hata wakati wa kuuza tunyamaze, si haoni? Mi nimekataa. Pesa ya TV kwa watu wengi ni akiba ya miezi, lebo yetu ya B sasa imeandikwa kasoro ni nini na iko sehemu gani, na bei imeshuka kufuatana nayo. Anayetaka kujua anasoma, asiyetaka anatazama mpira wake.

Bado hatujagusa OLED. Kule hakuna taa za nyuma, kila pikseli inazeeka kivyake, na nembo ya chaneli iliyokaa kona miaka inaacha kivuli chenye kingo kali. Kichujio kinakishika, ila picha ya kijivu tunayotumia inaweza kukificha au kukizidisha kutegemea ni rangi ipi iliyochoka, kwa hiyo tunaandaa picha nyekundu, kijani na bluu za kupimia kila moja peke yake. Zikikaa sawa naweka tarehe mpya hapa.